Mnabishania baridi ya Chicago, na sisi tuko kwenye foleni ya gesi

Wiki mbili zote test zilitukaba koo hapa Mlimani, na bumu nalo lilikuwa halijaingia, kwa hiyo hata hela ya bando ilikuwa ya kuungaunga. Sasa limeingia na nina neno la kusema. Ni neno la kugombana, anayetaka vichekesho asubiri wiki ijayo.

Alhamisi tulikuwa kwenye kimbweta, watu sita, tunajifanya tunapiga msuli. Jamaa mmoja wa uhandisi akatoa simu, akatuonyesha video ya Chicago ya Januari 2024, zile Tesla zilizopangana kwenye vituo vya kuchajia na baridi imezigomesha. Basi mjadala ukawaka. Mmoja anasema mnaona sasa, gari la umeme ni mdoli wa matajiri. Mwingine anasema Norway kuna baridi ya kufa mtu na bado karibu tisa kati ya kila magari mapya kumi yaliyouzwa kule mwaka 2024 yalikuwa ya umeme. Wa tatu akaja na wazo lake la hekima, eti mtu awe na magari mawili, la umeme wakati wa joto na la mafuta theluji ikianza. Saa nzima! Jasho linatutiririka mgongoni, na wasomi wa taifa wanajadili namna ya kuwasha gari kwenye nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Hakuna hata mmoja aliyetaja Ubungo. Na Ubungo si mbali jamani, ni kushuka mlima tu.

Mimi sina ugomvi na sayansi yao. Ni kweli baridi inachosha betri, kemia ya ndani inakuwa nzito, halafu dereva anawasha hita inayokula umeme uleule wa kuendeshea gari, wakati gari la mafuta hita yake inatumia joto la injini ambalo lingepotea bure. Hilo tumeelewa. Lakini angalieni vizuri hiyo video yenu. Wale watu hawakukwama sebuleni kwao. Walikwama kwenye foleni. Mnorway mwenye plagi ukutani kwake analala, gari linachaji, asubuhi anaondoka, baridi au si baridi. Anayetegemea kituo cha barabarani ndiye anayekiona cha moto. Kwa hiyo hata huko kwenye theluji swali la kwanza ni lilelile la huku kwetu, nishati unaipata wapi na unasubiri muda gani.

Sasa tuje nyumbani. Dar hatubadilishani umeme na mafuta kwa ajili ya baridi. Sisi tunabadilishana petroli na gesi, kila siku, ndani ya gari moja, kwa kubonyeza swichi kwenye dashibodi. Wengi wenu mmepanda hizo gari na hamkujua. Ukifungua buti unakuta mtungi umelala hapo, begi lako linakosa pa kukaa, na dereva anakwambia samahani mdogo wangu, liweke mbele.

Utaratibu wake ni huu. Gari linawaka kwa petroli kwanza. Gesi imo mtungini kwa presha kubwa, kama baa 200, na ikishushwa presha kwenda kwenye injini inapoa sana, mpaka kifaa cha kushushia presha kinaweza kuganda. Kwa hiyo kinapitishiwa maji ya moto ya rejeta, na kompyuta ndogo inasubiri yapate joto ndipo inahamisha gari kwenda gesi. Ndiyo, kabaridi ketu kako hapo tu, kwenye kifaa cha ukubwa wa ngumi, na kwa joto la Dar dakika chache yamekwisha. Adui yetu ni joto. Gesi ikisukumwa haraka mtungini mtungi unapata moto, mshale unaonyesha umejaa kumbe kilo hazijatimia, ukipoa presha inashuka. Dereva amelipia kilo alizopewa, sawa, lakini anarudi kituoni mapema kuliko alivyopanga. (Na nyie wenye gari za gesi msiache tangi la petroli likauke, pampu ya ndani ya tangi inapozwa na hayohayo mafuta. Ikiungua ni hela nyingine hiyo.)

Nasema haya kwa sababu nayaishi. Nakaa Mwananyamala kwa kaka yangu. Kaka anaendesha IST ya mkataba kwenye hizi programu za kuita usafiri. Mkopo wangu wa chuo haukufika asilimia mia, kilichobaki anamalizia yeye, na hela hiyo inatoka kwenye ile IST. Mwaka jana akakopa milioni moja na laki nane akafunga mfumo wa gesi. Aliambiwa kwenye karakana kwamba hela itarudi ndani ya miezi mitatu. Sikitaji hicho kituo anachojazia wala hiyo karakana, maana hoja yangu ni kubwa kuliko wao.

Tufanye hesabu, sisi si tunajiita wasomi. Tuseme kwa siku anatembea kilomita 150. Kwa petroli IST yake mjini inakwenda kama kilomita 12 kwa lita, hizo ni lita 12 na nusu. Tuseme lita ni shilingi 3,000, inakuja 37,500. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo anahitaji kilo 8 na nusu hivi. Tuseme kilo ni 1,550, inakuja kama 13,200. Ameokoa zaidi ya 24,000 kwa siku! Milioni moja na laki nane inarudi kwa siku 75. Fundi hakudanganya, kwenye karatasi.

Ila karatasi haina foleni. Mtungi wake unabeba kama kilo kumi. Maana yake ni kwamba kila siku lazima arudi kujaza. Tangi la petroli unajaza leo, unasahau siku tatu, na sheli ziko kila kona, Morocco, Mwenge, Sinza, popote. Gesi huwezi kusahau. Wiki iliyopita alikaa kwenye foleni saa nne siku ya Jumatatu, saa tatu Jumanne, na Jumatano umeme ukakatika kompresa ikazima, akasubiri weee akaondoka na swichi yake kwenye petroli. Saa nne ni abiria watano wa shilingi elfu tanotano. Piga mwenyewe. Ile 24,000 aliyookoa ameiacha palepale kwenye foleni, na rejesho la mkopo halijui habari ya foleni. Siku hizi anaamka saa nane usiku ili apange wakati kumepoa na hakuna watu. Anarudi saa kumi na moja macho mekundu, anakunywa chai, anaingia barabarani kubeba abiria. Mtu asiyelala anawabeba wake zenu na watoto wenu kwenye Barabara ya Bagamoyo, kwa ajili ya kuokoa hela ya gesi iliyotoka hapahapa nchini.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974. Ilianza kufika Ubungo kwa bomba 2004, wengi wetu humu tulikuwa bado hatujaanza shule au hatujazaliwa. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana hawataki gesi yao iondoke, wakaambiwa ni ya taifa zima, tulieni. Oktoba 2015 bomba la Mtwara hadi Dar likazinduliwa, kilomita zaidi ya 500. Bomba lipo. Gesi ipo. Inapita chini ya miguu yetu. Kati ya hilo bomba na buti la kaka yangu kinachokosekana ni kompresa na pampu za kutosha, basi. Si teknolojia ya kwenda mwezini hiyo.

Nasikia mtanijibu vituo vinaongezeka. Sikatai. Kituo mama cha TPDC kilifunguliwa 2025 hapo Sam Nujoma, jirani yetu kabisa, na kazi yake si kujazia magari tu, kinashindilia gesi pia kwa ajili ya malori yanayopeleka vituo vidogo ambavyo bomba halijafika. Hilo ni wazo zuri na ningependa viwe vitano. Lakini mabasi mapya ya mwendokasi ya Mbagala yaliyoanza 2025 nayo ni ya gesi. Bajaji zinafungwa mitungi. Magari ya ofisi yanafungwa. Kila pampu inapoongezeka, mdomo wa kuinywa nao unaongezeka, na hadharani watu wanapenda kutangaza idadi ya magari yaliyofungwa mfumo kama vile ndiyo ushindi. Gari lililofungwa mfumo likakaa kwenye foleni nusu siku ni ushindi wa nani? Tutangaziwe pampu. Tutangaziwe wastani wa kusubiri kwa kila kituo, kila wiki, kama EWURA inavyotangaza bei za mafuta kila mwezi. Hapo dereva atajua kama akope au asikope.

Halafu mnakumbuka Juni 2024 bajeti ilipokuja na pendekezo la tozo ya shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari? Hoja ilikuwa kwamba wenye gesi nao wanatumia barabara na wachangie. Hoja si ya kijinga, barabara haijengwi kwa maombi. Lakini huwezi kuanza kumtoza mtu kabla hujampa pampu. Kwanza mpe pa kujazia, akishazoea kuokoa hela ndipo umwambie achangie.

Narudi kwenu wa umeme, maana najua mmekaa mnacheka. Mnasema dawa ni kuachana na vyote hivyo, twende kwenye betri, bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 na mitambo yote tisa ilikamilika 2025. Vizuri. Sasa niambieni kaka yangu atachajia wapi? Mwananyamala tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba saba, LUKU moja. Tunagombana kwa ajili ya pasi na friji ya mama mmoja anayeuza barafu. Siku akichomeka gari pale usiku kucha, asubuhi kutakuwa na kikao cha wapangaji na mwenyekiti wa mtaa ataitwa. Na Tandale, na Kigogo, na Temeke kule, ndivyo watu wanavyoishi. Yule Mnorway mwenye plagi yake ukutani ana kitu ambacho dereva wa Kinondoni hana, na si fedha ya gari tu. Ni sehemu ya kulaza gari na mita yake mwenyewe. Na joto tena, msisahau. Nissan Leaf hizi zinazoletwa kutoka Japani zimetumika, betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na wenye Leaf za kwanza kule Arizona mwaka 2012 walilalamika betri zinachoka mapema kwa sababu ya jua. Arizona jamani, si Chicago. Kama mnataka video ya kutufundisha kitu, tafuteni ya Arizona.

Kwa bajaji na pikipiki za umeme mimi niko upande wenu. Betri ndogo, unabadilishiwa kwenye kibanda, unaondoka. Hiyo inamkwepesha dereva foleni na inamkwepesha LUKU ya wapangaji. Ila teksi ya kilomita 150 kwa siku bado ni mtihani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na niko tayari kuutetea kwenye kimbweta chochote. Kampeni za kuwahimiza madereva wakope wafunge gesi zisimame mpaka pampu za upande wa Kinondoni zitoshe waliokwisha kufunga. Anayekopesha mfumo wa gesi amwonyeshe mkopaji hesabu yenye foleni ndani yake, sio ile ya siku 75. Na sisi wanafunzi, hasa nyie wa uhandisi wenye vichwa, miradi yenu ya mwaka wa mwisho iangalie kompresa inayoshindwa kufuatana na foleni saa kumi na moja jioni. Iko hapo chini, mnaweza kwenda kwa miguu na daftari.

Jamaa wa video najua unasoma. Mwenye hesabu tofauti aziweke hapo chini, ila aje na kilo, na saa alizosubiri, na jina la mtaa. Mimi narudi kwenye msuli, Jumatatu kuna test na kaka ameshaniuliza mara mbili kama nitasup.