Kuvumbua si kipaji tu, kuna njia yake

Kila shindano la ubunifu hapa Nairobi, lazima mtu apande jukwaani atuambie vijana "tufikiri tofauti". Sawa, lakini tofauti namna gani? Hapo huwa kimya.

Mimi niliacha diploma ya uhandisi mwaka wa pili, karo ilipokosekana. Kilichoniuma zaidi si cheti. Ni kuamini kwamba kuvumbua ni kazi ya wale waliobaki darasani. Kisha nikasoma habari za Genrich Altshuller.

Huyu jamaa alikuwa akishughulikia hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, katika jeshi la majini la Muungano wa Kisovieti miaka ya 1940. Akagundua kitu: mbinu zilezile zinajirudia, iwe ni kwa meli au kwa mashine za migodini. Alimwandikia Stalin akilalamikia hali ya uvumbuzi nchini mwao. Akakamatwa mwaka 1950 na kupelekwa kambi ya kazi ngumu ya Vorkuta. Alipotoka 1954 aliendelea na kazi yake, na 1956 makala ya kwanza ikachapishwa. Njia hiyo inaitwa TRIZ, na ina kanuni 40.

Kiini chake ni rahisi. Tatizo gumu huwa na mvutano ndani yake: ukiboresha hiki, unaharibu kile. Wengi wetu tunakata katikati, halafu tunakosa vyote. Altshuller alisema usikate, tafuta namna ya kupata vyote viwili.

Chukua mwavuli. Kwa mvua unautaka mkubwa, ndani ya matatu unautaka mdogo. Jibu si mwavuli wa saizi ya kati! Ni unaokunjika: mkubwa saa hii, mdogo saa ile.

Ama angalia jiko la makaa lililo nyumbani kwenu. La bati tupu ni imara, lakini linapoteza joto ubavuni. Udongo unatunza joto, lakini unavunjika. Miaka ya 1980 mafundi wetu wa jua kali wakaanza kutengeneza lenye bati nje na udongo ndani, wazo lililotoholewa kutoka jiko la Thailand. Ndivyo Altshuller alivyofundisha: kabla ya kuumiza kichwa, uliza nani ameshatatua tatizo kama lako kwingine.

Najua mtasema njia haileti mtaji. Kweli, na bado lazima ujaribu kwa mikono. Lakini kubahatisha nako kunakula pesa, na sisi ndio tusio na za kupoteza. Basi mbona vyuo vya kiufundi visifundishe hili wiki ya kwanza kabisa, kabla karo haijamfukuza mtu?

Wewe usingoje. Ukikwama kesho, andika sentensi moja: "Nataka hiki, lakini nikikipata napoteza kile." Anzia hapo.