Mahakama Haikuifunga Redio

Jumapili iliyopita, kwenye ibada ya pili katika kanisa moja maeneo ya Sakina, mhubiri mgeni alitumia zaidi ya nusu ya muda wake kuishambulia pleisteisheni. Vijana wa Arusha wameharibika, alisema, na waliowaharibu ni gemu, filamu za kupigana na simu janja. Shetani wa siku hizi haji na mapembe, anakuja na chaja. Waumini wakaitikia amina kwa nguvu, na mama mmoja mbele yangu akamgeukia mwanawe, mtoto wa darasa la saba hivi, akamfinya sikio. Mtoto hakuwa amefanya lolote. Alikuwa amekaa kimya na kitabu cha nyimbo mapajani.

Nimechoka na mahubiri haya. Nimeyasikia kwenye vikao vya wazazi shuleni, kwenye redio asubuhi nikiwa nimebanana na watu ndani ya kifodi, kwenye misiba, hata kwenye vikao vya mahari ambako hakuna aliyeuliza. Mtoto wa jirani akiiba kuku, ni filamu. Chalii akimpasua mwenzake kwa chupa, ni gemu. Watu wakiingia barabarani, ni TikTok. Kitu chenye kioo kinachowaka ndicho chenye kosa, na mwenye mkono anaonewa huruma. Imani hii ni ya uongo, na ubaya wake mkubwa ni kwamba kila inapokubaliwa kuna mtu mzima anayeponea hapo.

Ungekuwa mji mwingine labda ningenyamaza. Lakini hii ni Arusha. Ndani ya jengo la AICC, tunalolipita kila siku bila hata kuinua macho, ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994 na kufunga kazi mwisho wa 2015. Mahakama hiyo ilisikiliza kesi iliyohusu jambo lile lile alilolihubiri mgeni wetu: nguvu ya chombo cha habari juu ya moyo wa mtu. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Kigali Julai 1993. Ilipiga muziki mzuri, ikatania, ikawateka vijana. Baadaye ikawaita Watutsi mende, na mauaji yalipoanza 1994 ikataja watu kwa majina na mahali walipokuwa. Kama kuna chombo kilichowahi kustahili kuitwa shetani katika ukanda wetu huu, ni hicho.

Sasa, Desemba 3, 2003, majaji chini ya Navanethem Pillay wa Afrika Kusini walipotoa hukumu, walimtia hatiani nani? Ferdinand Nahimana, mwanahistoria wa chuo kikuu aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio ile. Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Watu watatu wazima wenye akili zao timamu. Wawili walipewa kifungo cha maisha na mmoja miaka 35. Rufaa ya 2007 ikawapunguzia, lakini hakuna aliyebakiwa na chini ya miaka 30. Mahakama haikuifunga redio. Transista kama zile walizobeba wanamgambo wa Interahamwe kwenye vizuizi vya barabarani zilikuwa pia jikoni kwa mama zetu, Ngarenaro na Tengeru, zikitoa salamu na michezo ya kuigiza ya Radio Tanzania. Hakuna mama aliyeshika panga kwa sababu ya transista.

Miaka yote ile kesi zilisikilizwa hapa, tukakodisha nyumba kwa wageni, tukapandisha kodi za Njiro hadi mwalimu wa sekondari hawezi tena kupanga huko, na somo lenyewe hatukulichukua. Hilo linaniuma kuliko mahubiri.

Hebu turudi nyuma zaidi, maana watu wa imani hii huongea kana kwamba kabla ya skrini tulikuwa malaika. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Sisi huku tulikuwa na redio, magazeti na majumba machache ya sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Shinyanga na Tabora, wananchi walianzisha sungusungu kwa sababu wezi wa ng'ombe na majambazi walikuwa wamewazidi. Wezi wale walicheza gemu gani usiku kabla ya kwenda kuvamia boma la mtu?

Na hapa Meru kwetu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Wajerumani wakaja kulipiza kisasi, wakaua, wakachoma nyumba na kuteka mifugo, na miaka michache baadaye wakawalazimisha Wameru na Waarusha kujenga lile Boma ambalo leo ni makumbusho. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili walowezi wapate ardhi, na nyumba zao zikatiwa moto. Mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alikwenda hadi New York mwaka uliofuata kuwashitaki mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakwenda kushitaki kiberiti. Alikwenda kushitaki serikali iliyotoa amri.

Wanaotaka takwimu, hizi hapa. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, na ripoti yake ikatoka 2011. Karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufikisha miaka 18. Wengi wa waliowapiga walikuwa ndugu zao na walimu wao. Mwaka huo simu ya mtu wa kawaida mjini hapa ilikuwa ya tochi, na gemu lake lilikuwa la nyoka anayekula vidoti. Ngumi ilikuwa ya baba, fimbo ilikuwa ya mwalimu. Hata leo kanuni za elimu zinaruhusu mtoto achapwe viboko vinne kwa idhini ya mkuu wa shule. Kisha huyo huyo mkubwa aliyemfundisha mtoto, kwa mkono wake, kwamba mwenye nguvu humaliza ubishi kwa kupiga, anasimama madhabahuni kuuliza ukatili umetoka wapi.

Na wao wenyewe walikua wakitazama nini? Kizazi kinachohubiri sasa ndicho kilichojazana kwenye vibanda umiza kuangalia Rambo na Commando, mkanda wa VHS umechakaa, jenereta inanguruma nje, watu wamekaa mpaka chini. Schwarzenegger anafyeka jeshi zima peke yake na kibanda kizima kinashangilia. Baadaye akaja Lufufu na wenzake wakatutafsiria kwa sauti juu ya picha, tukacheka mpaka machozi watu wakifa kwenye skrini. Watazamaji wale walitoka pale wakarudi kwenye kahawa, kwenye masomo, kwenye gereji. Leo ni wachungaji, madiwani, mameneja wa benki. Wakiulizwa watasema enzi zao filamu zilikuwa na maadili. Rambo alikuwa na maadili gani?

Mji huu unajivunia Hatari!, filamu ya Howard Hawks ya mwaka 1962. John Wayne anakimbiza faru na twiga kwa gari, anawatia kamba, wanapelekwa mabustani ya wanyama ughaibuni. Hardy Krüger, aliyecheza naye, alipapenda Momella akanunua shamba chini ya Mlima Meru. Hotelini wageni bado wanasimuliwa kwa fahari. Sijasikia mahubiri hata mara moja kwamba Hatari! iliwafundisha vijana wa Ngarenanyuki ujangili. Na Aprili 2022, filamu ya kuitangaza nchi, The Royal Tour, ilipozinduliwa hapa Arusha, viongozi wote walikuwa upande wa filamu. Filamu ikileta watalii inaitwa fursa. Machalii wa Unga Limited wakilipia kutazama yao jioni, inaitwa kuporomoka kwa maadili.

Kipo kibanda cha gemu Kijenge ninapopita mara kwa mara kwenda kwa fundi viatu. Mabati kuta zote, televisheni mbili, mashine za mitumba, benchi la mbao. Mwenye kibanda ni dada mwenye mtoto mgongoni. Anaandika majina kwenye kipande cha boksi, na ukifungwa unaachia pedi, hakuna mjadala. Siku moja alikuwapo mtoto mkubwa aliyefungwa kumi na mbili, ananyoosha mkono arudie. Wenzake wadogo wakamwonyesha boksi, akacheka akatoka kusubiri nje. Pembeni chalii mwingine alikuwa amefungua pedi lililokufa, anachomelea waya uliokatika, mdomo umekazwa, hataki kuongea na mtu. Hajasomea popote. Ningekuwa na chuo cha ufundi ningemchukua siku ile ile. Foleni ya pale inaheshimiwa kuliko foleni ya ofisi yoyote ya umma niliyowahi kusimama nikiwa na karatasi mkononi, ambako mkubwa mmoja anaingia moja kwa moja kwa sababu anamjua mtu.

Watanijibu kwamba mtoto akicheza gemu la bunduki atatamani bunduki. Hii ndiyo hoja yao kubwa, na wanaitoa kwa uso wa mtu aliyemaliza kesi. Basi Japani, walikobuni pleisteisheni yenyewe na ambako wazee kwa watoto wanacheza, barabara zingekuwa zimejaa maiti. Korea Kusini, ambako kucheza gemu ni ajira na watu wanajaza ukumbi kutazama mashindano, wasingethubutu kutoka nje. Nchi hizo mbili zina vifo vichache mno vya risasi. Mtoto wa Kijenge anacheza mpira wa kwenye skrini kwa sababu uwanja aliochezea kaka yake umejengwa fremu za maduka. Kama mchungaji anataka acheze nje, amtafutie hiyo nje.

Na mbona hawagusi kubeti? Toka hapo kibandani, tembea hatua chache, utaikuta mashine ya dubwi imeegeshwa nje ya duka, na mtoto wa shule ya msingi mwenye sare anaitumbukizia sarafu aliyopewa ya chakula. Redio ile ile inayokemea gemu saa moja asubuhi inasoma odi za mechi saa mbili. Baba anachana mkeka wake wa tatu kwa wiki, ada ya mtoto imekwenda, anarudi nyumbani na hasira zake, na anayekutana na mkanda ni mtoto aliyekuwa kwenye gemu. Hapo kwenye kubeti kuna kodi, kuna leseni, kuna matangazo yanayolipwa vizuri. Dada wa Kijenge hana cha kumlipa mtangazaji.

Haya ya gemu yangekuwa ya kanisani tu, ningeishia hapa. Tatizo ni kwamba imani hii imepanda ngazi, sasa inaendesha nchi. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ilitaka kila anayetumia VPN ajisajili. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Septemba, jukwaa la mtandaoni la JamiiForums likafungiwa siku 90. Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima. Kama kweli mitandao ndiyo inayowatoa vijana barabarani, basi saa ile wangerudi wote nyumbani. Hawakurudi. Giza la mtandao lilidumu siku kadhaa na maandamano yaliendelea kesho yake na keshokutwa yake, Dar es Salaam, Mwanza, hapa Arusha na kwingineko. Shetani alikuwa amechomolewa chaja.

Kijana hakuhitaji TikTok kujua kwamba Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini na chama chake, CHADEMA, hakikuwamo kwenye karatasi ya kura. Hilo alilisoma kwenye karatasi yenyewe, kama alikwenda kituoni. Na Januari 5, 2011, wafuasi wa CHADEMA walipopigwa risasi mjini hapa wakiandamana kwa ajili ya mgogoro wa umeya, WhatsApp ilikuwa kwenye simu za wangapi? Watu walikuwa na hasira, na walijua wamekasirishwa na nini.

Novemba 2025 Rais aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kuchunguza yaliyotokea siku zile za uchaguzi. Najua wapo watakaoiomba tume iandike kurasa nyingi kuhusu mitandao, vijana kudanganywa na malezi kuporomoka. Waliokufa waliuawa na watu. Aliyefyatua risasi ana jina, na aliyemtuma ana cheo. Mimi nataka kusoma jina na cheo.