MAONI YA MHARIRI: MTARO USIFUKIWE MAJI HAYAJALALA

Ndugu wanaushirika,

Tangu malipo ya kahawa yatoke, karibu kila kitongoji kina mtaro unaochimbwa. Kila mtu anataka maji yafike uani kwake, na hayo ni maendeleo. Lakini ofisi ya chama sasa imegeuka baraza la kesi za mabomba. Leo mwanachama anamshitaki fundi, kesho fundi anamshitaki mwanachama. Jamani, ushirika haukuundwa kwa kazi hiyo.

Tutoe mfano wa kesi iliyotuchosha zaidi, bila kutaja jina la mtu. Mwenzetu mmoja alipatana na fundi bomba kwa mdomo tu, wakinywa chai. Fundi akamwambia anunue bomba la plastiki lenye alama PN 10. Yeye alipoona bei akachukua PN 6, eti bomba ni bomba. Siku ya kwanza maji yakatoka, akina mama wakapiga vigelegele, mtaro ukafukiwa, fundi akalipwa fedha zake zote. Usiku wa tatu bomba likapasuka, maji yakaingia ghalani kwa jirani, mahindi yakalowa. Sasa watu watatu hawasalimiani.

Namba ile si pambo, ndugu zangu. PN 6 huhimili maji yaliyoteremka kama mita 60, PN 10 kama mita 100. Tenki letu liko kilimani, na nyumba ile iko bondeni kabisa. Mchana watu wanachota, nguvu ya maji hupungua. Usiku koki zote zikifungwa, nguvu yote hubaki ndani ya bomba. Ndiyo maana lilipasuka watu wamelala. Mwenye nyumba aliambiwa akapuuza. Fundi naye aliijua hatari, akaunga bomba hilo hilo kwa sababu alitaka fedha. Sisi tunaona wote wawili wamekosa, ila hakuna karatasi ya kuonyesha nani alimwambia nani nini.

Basi kabla jembe halijagusa ardhi, andikeni: bomba la aina gani na namba gani, mita ngapi, koki ngapi, nani ananunua, nani anachimba, ufundi shilingi ngapi, na likivuja ndani ya miezi mitatu nani analitengeneza. Daftari la shule linatosha. Watie sahihi wote wawili na shahidi. Asiyejua kusoma asomewe kwanza, ndipo aweke dole gumba. Vifaa nendeni mkanunue pamoja. Fedha za ufundi zisitoke zote kwa mkupuo, na mkilipana kwa simu, ujumbe usifutwe.

Mtaro nao usifukiwe siku ile ile. Fungeni koki, maji yalale humo usiku kucha, asubuhi fundi na mwenye nyumba wapite pamoja wakigusa kila kiungo. Pakiwa pakavu, malizia malipo, fukia.

Fundi mgeni mwulizeni cheti, lakini zaidi nendeni mkaione nyumba aliyoifanyia kazi mwaka jana. Na asiruhusiwe kutoboa bomba kuu la kijiji bila idhini ya chombo cha maji, kile kinachotambuliwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019.

Tusimwonee fundi pia. Wapo wanachama ambao kazi ikiwa katikati husema, "Hebu niongezee koki moja hapo jikoni," halafu siku ya malipo hawaikumbuki hiyo koki. Walanguzi tunawaita wanyonyaji, je, huyu tumwiteje? Nyongeza nayo iandikwe, na bei yake.

Karani ametenga daftari la mapatano ya mafundi, lipo ofisini, halilipiwi. Wale ndugu watatu wanaitwa Jumamosi saa 4 asubuhi. Waje wote, na kile kipande cha bomba kilichopasuka waje nacho.

Mhariri