Plastiki Inayotoa Umeme: Tusiuze Ng'ombe Bado

Ndugu wakulima, wengi wenu mmekuwa mkiuliza kama ni kweli ya kwamba iko plastiki laini, inayokunjika kama kitambaa, ambayo ikiwekwa penye joto hutoa umeme. Ni kweli. Lakini swali la pili, kama yafaa mtu atoe shilingi zake kwa ajili yake, nasema hapana, si sasa. Nitaeleza sababu, maana mtu akikatazwa bila sababu huenda akanunua kwa siri.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1821 Mjerumani mmoja, Thomas Johann Seebeck, aliunganisha metali mbili za namna mbalimbali, akapasha moto kiungo kimoja na kingine akakiacha baridi, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye alidhani ni nguvu za sumaku tu. Baadaye wengine walitambua ya kwamba umeme ulikuwa ukipita. Katika miaka ya 1950 Warusi walitengeneza chombo cha kuvikwa juu ya taa ya mafuta, nacho kikaendesha redio katika nyumba zisizo na umeme. Vyombo viwili vya Voyager, ambavyo Marekani ilivirusha angani mwaka 1977, vilipata umeme kwa njia iyo hiyo.

Vyombo hivyo vya zamani vyatumia vitu vigumu, kama mchanganyiko wa bismathi na teluri, ambavyo huvunjika kama kigae, na teluri ni adimu. Ndiyo sababu wataalamu wakageukia plastiki. Sisi twaijua plastiki kuwa ndiyo inayozuia umeme, kama ile inayofunika waya. Lakini mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha ya kwamba plastiki ya namna fulani, ikichanganywa na dawa, hupitisha umeme. Mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Plastiki moja iitwayo PEDOT huweza kupakwa juu ya karatasi kama wino. Tena plastiki ina sifa nyingine njema: haipitishi joto upesi. Shika mpini wa sufuria ulio wa chuma, kisha ulio wa plastiki, utafahamu. Sifa hiyo yafaa sana, maana umeme huu hautoki katika joto peke yake. Hutoka katika tofauti ya joto baina ya pande mbili.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Mtu aweza kudhani ya kwamba akiitandika plastiki hiyo juu ya bati saa sita mchana atapata umeme wa nyumba nzima. Hatapata, kwa kuwa baada ya muda mfupi pande zote mbili zitakuwa moto sawasawa. Tuchukue upande mmoja wenye digrii 100 na wa pili wenye digrii 30. Hata chombo kisicho na hasara yoyote hakiwezi kugeuza kuwa umeme zaidi ya sehemu 19 katika kila sehemu 100 za joto linalopita. Ndivyo ilivyo sheria ya joto. Vile vyombo vigumu vilivyo vizuri hupata sehemu 3 au 4 tu, na plastiki nyingi hupata chini zaidi. Mwaka 2024 wataalamu wa China walitangaza plastiki ambayo karibu inalingana na vile vigumu, nayo ni habari njema, lakini ni kazi ya maabara, si bidhaa ya dukani. Paneli ya kawaida ya jua hugeuza kama sehemu 20 katika 100 za mwanga unaoipiga. Mwenye fedha kidogo na anayetaka watoto wasome usiku, anunue paneli.

Je, tuidharau basi? La. Kukunjika kwake ndiko faida yake. Yaweza kuviringishwa kwenye bomba la maji moto, au kufungwa shingoni mwa ng'ombe. Mwili wa ng'ombe una digrii 38 na zaidi kidogo, na asubuhi ya Nyandarua ni baridi kama mjuavyo. Umeme utakaopatikana hapo ni sehemu ndogo sana ya wati moja, hautawasha taa. Lakini kipimo kidogo cha kumjulisha mfugaji ya kwamba ng'ombe ana homa hakihitaji zaidi. Kadhalika kipimo cha joto katika ghala la mahindi. Kwa maoni yangu kazi za namna hiyo ndizo za kuiombea majaribio, na vyuo vya wakulima ndipo mahali pake, kabla ya wachuuzi kutufikia.

Kuhusu jiko nina neno moja. Yako majiko ya kuni yenye chombo kigumu cha namna hii kinachozungusha feni ndogo, na feni hiyo hupunguza moshi. Huo ni umeme uliotumiwa vizuri, maana moto ulikuwa umewashwa kwa ajili ya chakula. Lakini mtu akiongeza kuni ili apate mwanga, anakata miti yake bure. Na upande wa baridi ukitiwa maji, joto lililopita halipotei: maji hayo yatafaa kuoshea viwele kabla ya kukamua.

Akija mtu na kipande cha plastiki hiyo, mwulize kwanza upande wa baridi utapozwa na nini. Kisha mwulize yatoa wati ngapi, kwa tofauti ya digrii ngapi, na imefunikwaje, maana PEDOT hunywa unyevu wa hewa na mvua zetu si haba. Akijibu tu ya kwamba ni teknolojia mpya kutoka ng'ambo, mpe chai aende zake.