Bima kabla ya behewa
Baadhi ya vijana wanaohitimu Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, hapa kwetu Tudor, hutafuta riziki bandarini Kilindini, ambako makontena hupakiwa kwenye treni za mizigo za reli ya kisasa, SGR, tangu 2018. Kuunganisha mabehewa ni kazi ya kusimama kati ya tani za chuma, na kosa dogo la ishara hukata mguu. Sheria ya mafao ya majeraha kazini ya 2007 inamlazimisha mwajiri akate bima. Aliyelemaa kabisa anastahili mishahara ya miezi 96, bila kuthibitisha uzembe wa tajiri. Hata mwanagenzi anahesabiwa mfanyakazi. Tena Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 2019 kwamba madai yapelekwe kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Lakini kibarua aliyeletwa na wakala atamdai nani, ilhali muda wa kudai ni miezi 12 tu? Tusisahau kwamba reli ya kwanza, iliyoanza kujengwa hapa 1896, iliua wafanyakazi wapatao 2,500. Kila kibarua apewe karatasi ya bima yenye jina la mwajiri kabla hajagusa behewa, na wakala asiyeitoa anyang'anywe leseni.