Usimchague Mchezaji kwa Kimo

Huenda umewahi kutazama mchezo wa mpira wa kikapu. Kikapu hufungwa juu, mita 3 na sentimita 5 kutoka chini. Kwa hiyo watu wengi husema, "Mchezo huu ni wa warefu." Vijana wakipanga timu, mfupi huambiwa akae pembeni.

Mimi sikubali.

Ni kweli, urefu husaidia. Mtu mrefu yuko karibu na kikapu. Lakini mpira haufiki huko peke yake. Sharti mtu aupeleke. Hukimbia huku akiudunda kwa mkono mmoja, na wapinzani wanataka kumpokonya.

Sasa fikiri. Mtu mfupi akidunda mpira, safari ya mpira kutoka mkononi hadi chini ni fupi. Unarudi mkononi upesi. Mpinzani hapati nafasi. Mpira wa mtu mrefu huenda mbali zaidi kabla ya kurudi. Ni lazima akunje magoti na kuinama.

Muggsy Bogues wa Marekani ana kimo cha sentimita 160 tu. Pengine wewe unamzidi. Lakini alicheza katika ligi kubwa ya kulipwa ya huko tangu mwaka 1987 hadi 2001. Mwaka wake wa kwanza alikuwa timu moja na Manute Bol, Mdinka kutoka Sudani, mwenye sentimita 231. Bol alizuia mipira ya wapinzani isiingie kikapuni. Bogues aliupeleka mpira mbele. Kila mmoja alikuwa na kazi yake.

Lakini usidhani kwamba warefu hawawezi kudunda. Magic Johnson ana sentimita 206. Watu wa kimo hicho kwa kawaida huwekwa chini ya kikapu. Yeye aliendesha mchezo, na timu yake ya Los Angeles ilipata ubingwa mara 5 kati ya mwaka 1980 na 1988. Aliwezaje? Mwenyewe amesimulia kwamba utotoni alipotumwa dukani, alikwenda akidunda kwa mkono wa kulia, akarudi akidunda kwa mkono wa kushoto.

Basi mwili ni mwanzo tu. Mikono hufundishwa kwa mazoezi.

Wewe mzazi, na wewe unayeongoza vijana, usimfukuze mfupi. Mrefu naye usimsimamishe chini ya kikapu tu. Wape wote mpira. Waudunde kwa mikono yote miwili, bila kuutazama. Wafanye hivyo miezi kadhaa, ndipo uchague. Ukichagua kwa kimo siku ya kwanza, utamwacha nje mtu ambaye timu inamhitaji.

Zungumzeni darasani: Je, kijijini kwetu kuna kazi nyingine ambazo tunawanyima watu kwa kutazama miili yao tu?