Uzito Si Kipimo cha Kwanza
Urefu wa mvukuto ndio unaoamua kama kamera kubwa ya kukunja, ya filamu ya inchi 4 kwa 5, itafaa kwa picha za karibu. Hoja iliyochapishwa kwamba bora ni iliyo nyepesi kuliko zote inapuuza hesabu: ili ua litokee kwenye filamu kwa ukubwa wake halisi, lenzi ya milimita 150 hudai mvukuto wa takriban milimita 300, na mwanga hupungua hadi robo. Ya milimita 210 hudai 420. Kamera nyingi nyepesi hazifiki huko. Lenzi fupi huokoa urefu, lakini husogea karibu mno hadi kulitia ua kivuli. Jambo zito zaidi halikuguswa kabisa: fremu ya nyuma isogee, kwani kulenga kwa kusogeza lenzi hubadilisha ukubwa wa picha kila mara.